Kobe Aliyepewa Jina Langu

Jumanne, 5 Machi

Mvua tangu alfajiri. Kerwin ameondoka jana kurudi kwenye mtambo wa mafuta huko baharini. Nimebaki na baba yake, na kobe wa baba yake.

Wageni walikuja hivyo hivyo kwenye mvua. Mtu na mkewe kutoka Thibodaux, wamebeba kitoto cha kobe ndani ya kopo la kahawa. Walitaka kujua ni wa aina gani kabla hawajaamua kumfuga. Watu wa huku kwenye vinamasi wote humletea kobe wao Mzee Ovide, baba mkwe wangu, na akishasema yeye hakuna wa kubisha. Akakipokea, akakipapasa mgongo kwa dole gumba, taratibu, kama mtu anayesali rozari.

"Wa kawaida," akasema. "Mfugeni. Akikua atawang'ata vizuri. Angekuwa kobe-mamba halafu mkajaribu kumuuza, serikali ingewabishia hodi."

Halafu akawapeleka kwenye hodhi nyuma ya nyumba. "Njoni mumwone Nella akila."

Nella ni kobe. Nella pia ni mimi, mkewe mwanawe. Alimpa kobe jina langu wiki ile tuliyohamia hapa, baada ya mafuriko kuibeba nyumba tuliyokuwa tumepanga. Kila mgeni lazima aelezwe. "Shingo ndefu, mdomo haupumziki, na ukimshika kwa nyuma anageuka kukuuma. Nikaona jina la mkwe wangu linamfaa."

Yule mwanamke wa Thibodaux alinitazama kwanza, akaziba mdomo, ndipo akacheka.

Baba akatupa kichwa cha kuku. Nella akakigawa mara mbili.

"Na yule Nella mwingine anakula zaidi ya huyu," akasema, akinionyesha kwa kidevu. Lakini kidevu kilielekea mlangoni. Mimi nilikuwa nimesimama huku kwenye ngazi.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nina furaha, na sina wa kumwambia isipokuwa karatasi hii.

Kifungo ni kobe-mamba. Nimethibitisha.

Nilimwokota vuli ya mwaka juzi. Rakuni, mnyama mwizi wa mayai, alikuwa amefukua kiota kando ya barabara, maganda yametapakaa, yai moja tu limebaki, na ndani yake kitu kinasukuma. Alipotoka alikuwa mdogo kama kifungo cha koti. Nimemlea kwenye beseni chumba cha kufulia — minyoo, vidagaa, vipande vya ini — na sasa anajaa kiganja changu. Siku zote Baba anasema ni wa kawaida, hana maana. Mimi naona vingine. Matuta matatu mgongoni yamesimama kama paa la bati. Mdomo umepinda kama wa mwewe. Ukimtazama kwa juu huyaoni macho, yako ubavuni.

Leo nimempata ametulia chini ya maji, kinywa wazi. Ulimini kijinyama chekundu kinachezacheza kama mnyoo. Kidagaa kikasogea kukionja. Kwisha habari yake.

Hakuna kobe mwingine mwenye mtego huo.

Nikaenda kumwambia Baba, mjinga mimi. Nilidhani atafurahi. Yeye kobe ndiyo maisha yake.

"Umefuga mmoja, umekwisha kuwa profesa?" akasema. "Kobe jike anataga mayai arobaini usiku mmoja, hata hatazami nyuma. Wewe umeokota moja barabarani, unataka tukupigie vigelegele."

Anajua tulivyohangaika kutafuta mtoto, mimi na Kerwin. Madaktari wote wale, mpaka New Orleans. Anajua vizuri.

Nikaenda kuosha vyombo.

Jumapili, 10 Machi

Baada ya misa nilimwekea kahawa mezani, birika pembeni. Akajimiminia. Kahawa yote nje ya kikombe, ikitiririka hadi mapajani. Akanigombeza kwamba nimesogeza kikombe. Sikukigusa.

Nikasimama mbele yake. Anaendelea kunisimulia mahubiri ya padri, amenikazia macho. Nikamtolea ulimi. Mwanamke wa miaka arobaini na nne. Akaendelea na padri wake.

Nikapunga mkono. Hakuna kitu.

Haoni! Labda anaona mwanga na vivuli, basi. Ndiyo maana ya lile dole gumba. Ndiyo maana siku hizi hataki kuendesha pikapu, anasema mgongo. Tangu lini? Na Kerwin hajui, Bi Theda jirani hajui, hakuna anayejua.

Nilienda kucheka chumba cha kufulia, nimebana taulo mdomoni.

Kisha nikarudi nikasogeza kiti chake. Kidogo tu. Aligonga mfupa wa mguu, akakitukana kiti kwa Kifaransa. Nilijisikia vizuri. Naandika ukweli.

Jumatano, 13 Machi

Jenerali ana jeraha puani. Jenerali ni yule kobe-mamba mkubwa wa hodhini, mzee kuliko Kerwin, mzito kama gunia la mchele. Baba alitaka apakwe dawa, akaniita nimsaidie kumshika.

Nilitegemea matusi. Hayakuja.

"Lete mkono," akasema. Akaniweka vidole kwenye ukingo wa gamba, hapo hapo nyuma ya kichwa. "Hapa. Na mwingine kule mkiani. Huyu shingo yake fupi, hakufikii hata akitaka. Umesikia alivyo na matuta? Ukisikia matuta, shika hapa." Kisha akanipeleka upande wa pili, kwa Nella. "Huyu mgongo laini. Ukimshika pale ulipomshika mwenzake, umekwisha. Anarudisha shingo mpaka katikati ya mgongo wake. Mshike nyuma tu, karibu na mkia, mbali na mwili wako."

Mkono wake ulikuwa wa moto na mkavu. Akasema, "Usiogope, binti."

Hajawahi kuniita hivyo bila kuweka sumu mwishoni. Nikangoja sumu. Haikuja.

Jioni nikarudisha kiti mahali pake.

Alhamisi, 14 Machi

Amewaambia watu wa posta kwamba nilipomshika Jenerali nilijikojolea. Bi Theda kanihadithia, anacheka mpaka anashika nguzo.

Kiti nimekisogeza tena.

Ijumaa Kuu, 29 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Kila Ijumaa Kuu watu huja hapa kula kamba wa tope. Magunia mawili, sufuria kubwa la uani, viazi, mahindi, pilipili mpaka macho yanalia. Kerwin yuko nyumbani, ndiye aliyekuwa akikoroga. Baba amekaa kichwani pa meza, magazeti yametandazwa, anamenya kamba kwa vidole bila kutazama, na wote wanasifu wepesi wake. Nilikuwa wa pekee pale niliyejua kwa nini hatazami.

Alikuwa kwenye hadithi ya mimi kujikojolea. Mara ya tatu leo.

Bi Theda akasema, labda kwa kunionea huruma, "Ovide, hebu tuambie na huyo mtoto anayemlea Nella huko ndani. Ni wa aina gani?"

"Wa kawaida. Nimekwisha kumwambia. Watu wa kwao Arkansas hawaambiliki."

Nikaenda kumleta Kifungo. Nikamwekea Baba kiganjani. Akampapasa. Dole gumba likapita juu ya matuta, likasita, nililiona likisita. Lakini alikuwa amekwisha kusema mbele ya watu.

"Wa kawaida," akarudia.

"Mwangalie mdomoni, Baba."

Akamwinua mpaka puani. "Naangalia."

"Unaona nini?"

Watu wakaacha kumenya kamba. Nikamtwaa Kifungo nikamtia kwenye bakuli la kioo lenye maji. Tukangoja. Mwanangu hakuniangusha, akakaa chini, akafungua kinywa, na kile kijinyama kikacheza. Wakajaa wote juu ya bakuli, vidole vina mafuta. "Mamba huyo," akasema Alcee, binamu yake Baba. "Ovide, mzee, leo umepigwa chenga na mwanamke."

Kicheko. Ningeishia hapo.

Nikasema, "Baba haoni. Hajaona siku nyingi. Muulizeni nimevaa blauzi ya rangi gani."

Hakuna aliyemuuliza. Lakini wote wakamtazama, na yeye aliyasikia yale macho, nadhani ngozi yake iliyasikia. Akajipangusa vidole kimoja kimoja. "Nyeusi," akasema. "Leo ni Ijumaa Kuu. Umevaa nyeusi."

Nilikuwa nimevaa ya njano.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mke wa Alcee akaanza kukusanya maganda ya kamba ambayo hayakuwa na haja ya kukusanywa.

Kerwin alinivuta jikoni. Hakupiga kelele. "Umemvua nguo baba yangu mbele ya watu."

"Yeye amenivua mara ngapi?"

"Yule ni mzee, Nella. Utani wa wazee."

Siku zote nilizokuwa nikilala na siri hii, nilidhani nikiitoa itakuwa tamu. Ilikuwa tamu. Tamu kama unga wa sukari, imeyeyuka kabla sijameza.

Pasaka, 31 Machi

Siwezi kuandika vizuri.

Tulikula mchana. Nyama ya nguruwe, wali, keki ya Bi Theda. Baba alikuwa mpole siku nzima. Alinishukuru kwa chakula.

Baadaye akachukua ndoo ya shingo za kuku, akatangulia hodhini, anafuata kamba ya kuanikia nguo kwa mkono. Akaita, "Nella, njoo umwone Jenerali anavyosherehekea Pasaka." Nikatoka na kitambaa cha vyombo begani. Kerwin na Bi Theda walikuwa wamekaa pale kwenye kibaraza.

Alitia mkono ndoani. Alichotoa kilikuwa na miguu. Miguu ilikuwa ikipiga kasia hewani.

Nilipiga ukelele. Akakitupa.

Jenerali alifungua mdomo bila haraka. Sauti niliyoisikia ni ile ya kokwa ya pekani inapokanyagwa na kiatu.

"Kuna nini?" Baba akauliza. Amegeuza uso huku na huku. "Kuna nini, jamani?"

"Ni Kifungo," nikasema. "Umemtupia Kifungo."

"Mimi? Nimeshika shingo ya kuku." Akainua mikono yake mitupu kuelekea kibarazani. "Macho yangu haya mabovu. Si mwenyewe amewatangazia watu wote kwamba mimi sioni?"

Bi Theda akashika kifua. "Masikini Ovide."

Kerwin akasema ni ajali. Akasema lazima Kifungo alitoroka beseni akaingia ndooni. Akaniambia nimshike Baba mkono nimrudishe ndani, anatetemeka.

Nilimshika. Alikuwa hatetemeki.

Nimekwenda kutazama beseni. Kifuniko kipo. Tofali ninaloweka juu ya kifuniko lipo, limelazwa sawasawa, kama ninavyolilaza mimi.

Jumatatu, 1 Aprili

Kerwin amerudi mtamboni. Kabla hajapanda gari alinisimamisha uani.

"Muombe radhi."

"Kwa lipi?"

"Wewe ndiye uliyeanza. Na kuanzia leo wewe ndiye macho yake. Tuko kwenye nyumba yake, Nella. Tutakwenda wapi?"

Nikaingia, nikaomba radhi. Baba alikuwa anasikiliza redio. Akaipunguza.

"Nimekusamehe, binti. Utapata mwingine. Barabara imejaa mayai."

Akaiongeza.

Jumanne, 9 Aprili

Mimi ndiye macho yake. Namsomea waliokufa gazetini. Namwambia soksi ipi nyeusi. Namwambia jua limetoka.

Asubuhi aliniuliza kama maziwa ni mazuri. Nikamwambia mazuri. Yalikuwa yamechacha tangu wiki iliyopita. Alikunywa nusu glasi kwa sababu hakutaka kuonyesha kwamba hana uhakika na ulimi wake mwenyewe.

Sasa ananusa kila kitu kabla ya kukitia mdomoni. Bi Theda anasema uzee.

Jumamosi, 20 Aprili

Leo hodhi lilisafishwa. Hufanywa kila mwaka baada ya Pasaka, na kila mwaka Baba humrudisha Jenerali majini kwa mikono yake. Hakubali mtu mwingine. Mwaka huu Kerwin — karudi Jumatatu — alimwambia, "Baba, niachie mimi." Baba akamjibu, "Nimemshika huyo kabla wewe hujajua kushika kijiko. Nella atakuwa macho."

Kerwin aliwatoa kobe kwa ndoano mapema, akawaweka kwenye makarai mawili ya bati, juu yake magunia mabichi ili watulie. Tukasugua saruji mpaka adhuhuri. Alcee alikuja na bia. Bi Theda akavuta kiti chake upande wake wa uzio. Maji yalipojaa, Kerwin akazunguka nyuma ya nyumba kuzima pampu. Alcee alikuwa kwenye pikapu yake akitafuta sigara.

Baba akapiga goti katikati ya makarai mawili. Akakunja mikono ya shati. Akageuza kichwa upande wangu na kunong'ona, watu wasisikie kwamba anauliza:

"Yupi?"

Jenerali alikuwa kulia.

Sikufikiri sana. Watu husema hawakufikiri, kama vile ndiyo udhuru. Mimi nilifikiri kiasi cha kutosha. Nilifikiria miguu ile hewani.

"Kushoto kwako, Baba. Ingiza mikono chini ya gunia."

Akaingiza. Mmoja mkiani. Mwingine mbele, ukingoni mwa gamba, nyuma ya kichwa, palepale aliponifundisha.

Vidole vikasita. Aligusa gamba laini. Niliuona uso wake ukijua. Hakuvuta mkono mara moja, alinigeuzia uso kwanza. Macho yale yasiyoona yalinipata moja kwa moja.

Halafu gunia likaruka.

Hakupiga ukelele. Alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekumbuka kitu. Bi Theda ndiye aliyepiga ukelele. Kerwin alikuja mbio, wakahangaika na Alcee, fimbo, ndoo za maji, Nella haachii. Kila wakivuta, anauma zaidi. Mwisho wakamtumbukiza hodhini pamoja na mkono na bega na nusu ya Baba, ndipo akaachia, akazama.

Maji mapya yalikuwa safi kabisa. Damu ilionekana vizuri.

Nilimfunga mkono kwa kile kitambaa changu cha vyombo. Nilimfunga vizuri, kwa uangalifu. Mtu yeyote angeona upendo.

Jumatatu, 22 Aprili

Hospitali. Kidole cha shahada wamekikata, hapakuwa na la kufanya. Cha kati wamekata nusu. Daktari kijana aliuliza ilikuwaje. Kerwin naye akataka kusikia.

Nilikuwa nimeshika jagi la maji. Nililishika tu.

"Nilikosea upande," Baba akasema. "Mimi mwenyewe. Nella aliniambia kulia, nikaenda kushoto. Kichwa kigumu."

Kerwin alitokwa na machozi. Alinishika bega. "Pole, mke wangu. Umeyaona yote."

Sielewi. Ningeelewa angenitaja. Nilikuwa tayari, nilikuwa na maneno yangu yote. Sasa maneno yamekaa kifuani hayana pa kwenda.

Alhamisi, 25 Aprili

Yuko nyumbani. Mkono wa kulia ni furushi la bandeji. Mkono wa kushoto anao mzima, lakini akila nao bila kuona anamwaga, na hataki kuonekana akimwaga. Kwa hiyo ninamlisha.

Mchana.

"Nini hiki?"

"Wali."

Akafungua mdomo.

"Nini hiki?"

"Soseji."

Akafungua mdomo.

"Na hiki?"

"Maharage, Baba. Ni maharage na wali na soseji. Sahani nzima."

"Nimeuliza kijiko hiki."

Hivyo mpaka mwisho. Kila kijiko kinasimama mbele ya midomo iliyofungwa mpaka nikipe jina. Jioni Kerwin ndiye aliyemlisha. Nikasimama mlangoni. Alikula chote, hakuuliza hata mara moja.

Ijumaa, 26 Aprili

Kerwin alikwenda dukani. Nilikuwa nabadilisha bandeji. Harufu ya dawa, nyuzi nyeusi, nyama iliyovimba. Niliibana kidogo kuliko inavyotakiwa. Hakujikunyata.

"Umejifunza vizuri," akasema. "Wa matuta na wa laini. Wengine nawafundisha miaka, hawashiki."

Nikaendelea kufunga.

"Mimi ndiye niliyekufundisha," akasema tena, na — sijui niandike vipi — alisema kwa fahari.

"Kwa nini hukumwambia Kerwin?"

"Nimwambie nini? Kwamba mke wake kanipeleka kama kipofu?" Akacheka puani. "Mtu akiumwa na kobe wake watu humheshimu. Akiumwa na mkwe wake huhamishiwa nyumba ya wazee."

Kumbe ni hivyo tu. Nilikuwa nimeanza kudhani ni huruma.

Jumapili, 28 Aprili

Baba ameamuru Nella auawe.

Kerwin alimtoa hodhini kwa ndoano, akamvutia kwenye kisiki. Kobe alining'inia amenyoosha shingo yote, ndefu kweli, na miguu inakwaruza hewa. Shoka mara mbili. Kichwa kilianguka kwenye majani, na Alcee akakichokoza kwa kijiti, na kile kichwa kikakiuma kijiti na hakikuachia. Walimletea Baba akishike kile kijiti, asikie kinavyovuta. Alikishika kwa mkono wa kushoto. Alitabasamu kama mtoto.

Mwili ulitembea kidogo. Nilisimama natazama. Kosa lake lilikuwa nini? Alishikwa vibaya, akageuka. Angefanya nini kingine?

"Mchuzi mkali," Baba akasema. "Nella ampike Nella."

Wakacheka wote. Na Kerwin alicheka. Kisha akaniona, akaacha, lakini alikuwa amekwisha kucheka.

Wakati wa chakula cha jioni jambo lingine. Kerwin anafunga begi lake. Baba akasema, sauti ya chini, "Kaa wiki hii."

"Baba, siwezi. Kazi haingoji."

"Siku mbili basi."

"Nella yupo."

Furushi la bandeji la Baba lilikuwa juu ya meza, akalitoa, akaliweka mapajani. Sijawahi kumsikia akimwomba mtu kitu. Kerwin alidhani ni maumivu, akampa kidonge.

"Nini hiki?" Baba akamuuliza.

Kerwin akacheka. "Kidonge, Baba. Unadhani nitakupa nini?"

Jumatatu, 29 Aprili

Kerwin ameondoka baada ya kahawa. Nilimpungia mpaka gari likapita daraja. Aliposhuka ngazi alinibusu akasema anashukuru Mungu kwa ajili yangu.

Bi Theda naye ameenda Lafayette kwa binti yake. Nyumba ina ukimya wa kanisa siku za kazi.

Nimepika tangu saa nne. Kitunguu, pilipili hoho, nyanya, unga uliokaangwa mpaka rangi ya udongo. Nyama ya Nella imelainika. Nanusa mwenyewe naona nimepika vizuri kuliko siku zote tangu nije nyumba hii. Nimeegemea friji naandika, daftari juu ya mfuko wa mchele.

Kobe hukatwa kwa shoka, kwa hiyo mifupa huvunjika. Vipande vinakuwa vyembamba, vina ncha, na ndani ya mchuzi mzito havionekani. Mpishi mwangalifu huvitoa kimoja kimoja kwa vidole kabla ya kupakua. Nina bakuli la kuvitilia hapa pembeni.

Baba amekwisha kukaa mezani. Amejifunga leso shingoni mwenyewe, kwa mkono mmoja, sijui amefanyaje. Haegemei kiti. Anauliza kilichomo chunguni, na anajua kilichomo, harufu imejaa nyumba nzima.

Ameuliza tena. Safari hii ameniita Renella. Jina langu lote, sijawahi kulisikia kinywani mwake.

Mifupa mingi nimeitoa. Nimepakua sahani yake, mvuke unapanda. Nimechukua kijiko, nimekirudisha.

Anauliza tena.